Kuandamana Kenya: taarifa kwa polisi, mipaka ya maneno, na la kufanya ukikamatwa

Hakuna sheria ya Kenya inayomtaka mtu aombe kibali ndipo aandamane. Sheria inamtaka atoe taarifa. Polisi wanapotawanya watu kwa hoja kwamba "hawana kibali", wanadai hati ambayo haipo. Lakini anayeitisha maandamano bila kutoa taarifa naye anawapa sababu ya kumkamata, na waliomfuata barabarani wanaweza kujikuta kizimbani pamoja naye. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuandaa karatasi zako mapema, jinsi ya kujiheshimu barabarani, na hatua za kuchukua mambo yakiharibika.

Hesabu za siku, saa na adhabu zilizo hapa ni za Kenya peke yake. Msomaji wa Tanzania asizitumie: huko taarifa hupelekwa kwa ofisa wa polisi wa eneo angalau saa 48 kabla, polisi wana nguvu pana zaidi za kuzuia, na anayeshtakiwa kwa uhaini hapewi dhamana kabisa.

Sheria mbili za kuwa nazo mkononi

Ya kwanza ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kupiga kambi ya malalamiko mbele ya ofisi na kuwasilisha malalamishi kwa mamlaka za umma, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza. Kifungu cha 24 ndicho kinachosema haki hizi zinaweza kupunguzwa kwa masharti gani: lazima iwe kwa sheria, kwa sababu ya maana, na kwa kiasi kisichozidi kinachohitajika. Tamko la waziri kwenye runinga si sheria.

Ya pili ni Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56. Hii ni ya ukoloni, ya 1950, na ndiyo iliyozaa mazoea ya kibali: kwa miaka mingi mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya mkuu wa wilaya. Leseni hiyo ilifutwa katika mageuzi ya 1997, baada ya maandamano ya Saba Saba (7 Julai) ya mwaka huo na mazungumzo ya vyama bungeni. Kilichobaki ni taarifa. Maofisa wengi bado wanaongea kana kwamba 1997 haikutokea, kwa hiyo chapisha kifungu cha 5 cha sheria hiyo kwenye karatasi moja na uende nacho kituoni.

Mikutano ya ibada, harusi, harambee, michezo au shughuli za kitaaluma na kibiashara haiingii katika masharti haya. Mgomo wa wafanyakazi una njia yake chini ya sheria ya mahusiano ya kazi, ambayo hudai notisi ya siku 7.

Hatua ya 1: Hesabu siku sawasawa

Taarifa iwe ya maandishi na imfikie mkuu wa kituo cha polisi, yaani OCS, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku ya maandamano. Ukiipeleka siku 20 kabla, hujatoa taarifa. Ukiipeleka jana yake, hujatoa taarifa.

Tuseme maandamano ni Alhamisi tarehe 20. Mlango unafunguka tarehe 6 na kufungwa tarehe 17. Tarehe 17 ni Jumatatu, na hapo ndipo wengi huteleza: wanaenda Jumatatu alasiri, wanaambiwa OCS ametoka, wanarudi Jumanne, na tayari wamechelewa. Peleka kati ya siku ya 10 na ya 7 kabla. Ukikataliwa mara ya kwanza, utakuwa na nafasi ya kurudi na hata ya kwenda kortini.

Hatua ya 2: Andika barua

Sheria inataka mambo machache tu: majina kamili na anwani ya anayeandaa, tarehe na saa, na mahali pa mkutano au njia yote ya msafara. Saa lazima ziwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Usiandike "kuanzia saa 2 asubuhi hadi tutakaposikizwa". Andika saa ya kumaliza, na iwe saa 11 jioni, ili watu wawe wameanza kurudi makwao kabla ya giza. Msafara ukivuka saa 12 jioni umetoka nje ya taarifa yako, hata kama hakuna aliyerusha jiwe.

Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Mfano:

> Kwa: Mkuu wa Kituo, Kituo cha Polisi cha ………
> Tarehe: ………
>
> KUH: TAARIFA YA MAANDAMANO YA AMANI
>
> Chini ya kifungu cha 37 cha Katiba na kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, tunakujulisha kwamba tutafanya maandamano ya amani tarehe ……… kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni.
>
> Tutakusanyika ………, tutapita barabara ya ………, kisha ………, na kumalizia ………, ambapo tutakabidhi malalamishi yetu kwa ……….
>
> Tunatarajia watu wapatao ………. Tuna wasimamizi ……… watakaovaa vizibao vya rangi ………. Anayewasiliana na polisi siku hiyo ni ………, simu ……….
>
> Tunaomba taarifa hii iandikwe katika rejista ya umma ya kituo kama sheria inavyoagiza, na tunaomba polisi watupe ulinzi.
>
> Waandalizi: majina kamili, anwani, sahihi.

Maneno "tunaomba ruhusa" yasionekane popote. Ukiomba ruhusa kwa maandishi, umekiri mwenyewe kwamba OCS anaweza kuikataa. Andika "tunakujulisha".

Njia itajwe barabara kwa barabara. "Katikati ya jiji" si njia. Ukisema mtapita Moi Avenue kisha watu wakageukia Parliament Road, polisi watakuwa na hoja kwamba huo sasa ni msafara mwingine. Kagua pia kama njia inagusa eneo lililotangazwa kuwa la ulinzi chini ya Sura ya 204, kama Ikulu. Kuingia humo bila idhini ni kosa la pekee hata kama taarifa yako ni safi, kwa hiyo panga msimame nje ya mpaka na mkabidhi malalamishi hapo. Mwaka 2025 mswada uliletwa bungeni kutaka waandamanaji wakae mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo ya ulinzi. Kabla ya kuchora njia, muulize wakili sheria imesimama wapi wiki hiyo.

Kuhusu majina: barua inakuweka wazi, na atakayetafutwa kwanza mambo yakiharibika ni mwenye jina. Hofu hiyo ni ya kweli, hasa tangu Juni 2024, vijana walipoandamana bila viongozi kupinga Mswada wa Fedha. Dawa yake si kuacha kutoa taarifa. Andikeni waandalizi watatu au watano kutoka mitaa tofauti, tumieni anwani ya ofisi ya shirika au ya wakili kama mnayo, na kila mmoja ajulishe familia na wakili wake kabla ya barua kupelekwa.

Hatua ya 3: Ipeleke, na utoke na ushahidi

Piga nakala nne. Moja ya kituo, moja ya kugongwa muhuri na kubaki nawe, moja ya wakili, moja ya kubebwa siku yenyewe. Msafara ukipita maeneo ya vituo viwili au vitatu, peleka kila kituo. Nendeni watu wawili. Hakikisha muhuri unaonyesha tarehe, na aliyepokea ameandika jina na namba yake ya kazi.

Mara nyingi askari wa dawati hukataa kugonga muhuri. Atasema "mpaka OCS aone" au "nendeni kwa kamanda wa kaunti". Usigombane naye. Fanya haya:

- Andika palepale saa, jina na namba ya askari, na maneno aliyosema.
- Acha nakala mezani, na shahidi wako aone ukiiacha.
- Siku hiyohiyo tuma barua kwa barua pepe kwa kituo na kwa kamanda wa kaunti, kisha tuma kwa posta ya rejista au kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi inayotoa risiti.
- Nendeni kwa wakili au kamishna wa viapo mkaape hati ya kiapo kwamba mlipeleka taarifa, lini na kwa nani.

Ujumbe wa WhatsApp kwa simu ya OCS unasaidia kama ushahidi wa nyongeza, hautoshi peke yake. Peleka nakala pia kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Baada ya siku moja rudi kituoni uombe kuona rejista ya taarifa. Sheria inasema iko wazi kwa umma saa za kazi. Kama taarifa yako haimo, andika barua fupi ya kulalamika na uambatishe nakala yenye muhuri.

Hatua ya 4: Polisi wakisema hapana

Kabla ya siku kufika, sababu moja tu inampa OCS nguvu ya kukwambia mkutano hauwezi kufanyika: kuna mwingine aliyetangulia kutoa taarifa ya mahali hapo, siku hiyo na saa hiyo. Akikwambia hivyo, lazima iwe kwa maandishi na bila kukawia, ili ubadilishe tarehe au mahali. Omba kuiona taarifa hiyo nyingine kwenye rejista. "Hatuna askari wa kutosha", "kuna mgeni wa serikali" na "tuna habari za kijasusi" hazimo kwenye kifungu hicho.

Ukipewa sababu za namna hiyo, au ukisikia tangazo la kupiga marufuku maandamano, njia ni Mahakama Kuu. Unafungua ombi la kikatiba chini ya kifungu cha 22, pamoja na hati ya dharura, ukiomba amri za muda za kuwazuia polisi wasiingilie. Katiba inakataza kutozwa ada ya kufungua shauri la aina hii, na kanuni za 2013 zinairuhusu mahakama kupokea hata ombi lisilo rasmi kutoka kwa mtu asiye na wakili. Ombi lenye mpangilio husikizwa haraka zaidi. Ambatisha barua yenye muhuri, jibu la polisi au hati ya kiapo kuhusu maneno yao, na mchoro wa njia. Julai 2024 polisi walipotangaza kupiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi, marufuku hiyo ilipelekwa Mahakama Kuu na ikasimamishwa kwa amri ya muda. Ukipata amri, chapisha nakala nyingi, umpelekee OCS rasmi, na kila msimamizi awe nayo mfukoni.

Na tukio likizuka ghafla, mtu amefia seli usiku na watu wanataka kuandamana asubuhi? Sura ya 56 haina mlango wa dharura. Toeni taarifa saa hiyohiyo hata kama siku 3 hazijatimia, mueleze kwa nini hazikuweza kutimia, na mpunguze ukubwa: kusanyikeni mahali pamoja bila kufunga barabara. Kortini wakili atategemea kifungu cha 24, kwamba kumfunga mtu aliyekuwa na amani kwa sababu ya siku tu ni kuvuka kiasi. Hoja hiyo ni nzuri, lakini haizuii kukamatwa.

Hatua ya 5: Maneno, mabango, vitu vya kubeba

Uhuru wa kujieleza ni mpana kuliko watu wanavyodhani. Kumtaka rais ajiuzulu, kumwita mbunge mwizi wa kura, kuchora katuni ya waziri, kuimba nyimbo za kejeli, kubeba jeneza tupu la mswada: yote hayo ni siasa, na siasa inalindwa. Hakuna kosa la kumtukana rais. Kosa la kudharau mamlaka ya afisa wa umma lililokuwa kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu lilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2017, na kashfa ya jinai, kifungu cha 194, ikaanguka mwaka huohuo. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Nakuru ilifuta kosa la uasi katika kifungu cha 77. Vifungu hivi bado huonekana kwenye karatasi za mashtaka. Ukiviona, mwambie wakili mara moja.

Ulinzi unakomea penye uchochezi wa vurugu, propaganda ya vita, na chuki dhidi ya kabila, dini au kundi. Matamshi ya chuki chini ya Sheria ya Utangamano wa Kitaifa ya 2008 yana faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Uchochezi wa vurugu chini ya kifungu cha 96 cha Kanuni ya Adhabu unafika miaka 5. Bango "Wezi waende nyumbani" halina shida. "Watu wa kabila fulani waende kwao" ni chuki. "Tukutane Bungeni" ni mwito wa kuandamana. "Leteni petroli tukutane Bungeni" ni kesi. Msimamizi asome kila bango kabla ya msafara kuondoka na alirudishe nyumbani lisilofaa. Vivyo hivyo kwa kipaza sauti: ashike mtu mmoja anayejulikana, asiachiwe kila aliyepandwa na hasira.

Mikononi na mifukoni kusiwe na rungu, kisu, manati, mawe wala chupa za glasi. Fimbo nene ya bango imetumika kama ushahidi wa silaha, kwa hiyo tumia ubao mwembamba au karatasi pekee isiyo na fimbo. Beba kitambulisho, maji lita moja, dawa zako (mwenye pumu asisahau pampu yake), pesa kidogo taslimu, na namba mbili za simu zilizoandikwa mkononi kwa kalamu isiyofutika: ya wakili na ya nyumbani. Simu itazimika au itachukuliwa, na watu hawakumbuki namba kichwani siku hizi. Funga simu kwa tarakimu, uondoe alama ya kidole na sura. Mwenye lenzi za macho azivue na avae miwani, kwa sababu gesi ya machozi hunasa chini ya lenzi.

Hatua ya 6: Barabarani

Tenga msimamizi mmoja kwa kila watu 20 hivi. Wawili watangulie kuangalia njia, wawili wafunge nyuma, na mmoja akae karibu na ofisa wa polisi anayeongoza. Sheria inamtaka mwandalizi au mwakilishi wake awepo muda wote na asaidie kuweka utulivu. Mwandalizi aliyeitisha watu kisha akabaki nyumbani akitazama kwa simu amejiondolea utetezi.

Hatari kubwa zaidi ya maandamano ya Kenya ni wahuni wanaoingizwa katikati, wengine wa kulipwa. Watu wakianza kupora au mtu akivunja kioo, wasimamizi wasimamishe nyimbo, wakalishe watu chini, na wamwachie mhusika nafasi aonekane peke yake. Piga video ya tofauti hiyo. Kuketi chini kunasaidia kwa njia mbili: kunatenganisha wenye amani na wenye vurugu, na kunawanyima polisi picha ya "kundi la ghasia".

Ofisa wa cheo cha inspekta au zaidi anaweza kuamuru watu watawanyike kukiwa na hatari ya wazi na ya karibu ya kuvunjika kwa amani. Muulize kwa sauti, huku mwenzako akirekodi: "Afande, unaamuru kwa sababu gani, na tunapewa dakika ngapi, tutokee wapi?" Kisha tiini amri, hata kama mnaona si halali. Kukaidi ndiko kunakogeuza mkusanyiko halali kuwa "usio halali", na kifungu cha 79 cha Kanuni ya Adhabu kina kifungo cha hadi mwaka 1. Uhalali wa amri mtaupinga kortini, mkiwa na video.

Polisi hawaruhusiwi kutumia nguvu kuliko inavyohitajika, na risasi ni njia ya mwisho kabisa chini ya Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi. Sharti hilo limevunjwa mara nyingi: tume ya haki za binadamu ilirekodi vifo vya watu wasiopungua 60 katika maandamano ya Juni na Julai 2024. Ukisikia milio, lala, tambaa nyuma ya ukuta, usikimbie katikati ya barabara. Gesi ya machozi ikirushwa, elekea upande upepo unakotokea, usisugue macho, suuza kwa maji mengi safi. Dawa ya meno na vitunguu havisaidii.

Hatua ya 7: Ukikamatwa

Usipigane na usikimbie ukishashikwa. Kumpiga askari au kumsukuma ni kosa la kifungu cha 253 cha Kanuni ya Adhabu, lenye kifungo cha hadi miaka 5, na ndilo huongezwa haraka kwenye karatasi ya mashtaka ili dhamana iwe ngumu. Piga kelele ya jina lako kamili na la kituo unachopelekwa, ili walio karibu warekodi. Askari kanzu akikushika, omba kitambulisho chake, na usiingie gari lisilo na namba bila kupiga kelele ya namna hiyo.

Kituoni, mambo haya yafuatwe kwa mpangilio:

1. Uliza sababu ya kukamatwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka uambiwe papo hapo, kwa lugha unayoielewa.
2. Hakikisha umeandikwa kwenye kitabu cha matukio cha kituo (OB), na upate namba ya OB. Mtu asiye na namba ya OB ni rahisi kuhamishwa bila alama.
3. Vitu vyako viorodheshwe: simu kwa aina na rangi, pesa kwa kiasi. Soma kabla ya kutia sahihi.
4. Toa jina na makazi. Mengine sema, "Nitazungumza wakili wangu akiwepo." Una haki ya kunyamaza, na mazungumzo ya kirafiki na mpelelezi korido nayo ni ushahidi.
5. Usitoe nywila ya simu bila amri ya mahakama.
6. Omba dhamana ya polisi. Dhamana ya ahadi haina malipo. Ukitakiwa pesa taslimu, dai risiti ya serikali. Pesa isiyo na risiti hairudi.

Aliye chini ya miaka 18 aseme umri wake mara moja. Hafai kuwekwa na watu wazima, na mzazi au mlezi lazima ajulishwe. Wageni nao, kina ndugu wa Kongo, Burundi au Tanzania wanaoishi Nairobi, wanalindwa na kifungu cha 37 kwa kuwa kinasema "kila mtu", ila wao wana hatari ya ziada ya kufurushwa nchini. Wenye vibali vya muda wapime jambo hilo kabla ya kutoka nyumbani.

Polisi lazima wakufikishe kortini ndani ya saa 24. Kama saa hizo zinaishia nje ya muda wa korti au siku isiyo ya korti, ni kabla ya mwisho wa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana kukamatwa Ijumaa alasiri kunamaanisha seli hadi Jumatatu, na ndiyo sababu tunashauri maandamano yasipangwe Ijumaa.

Walio nje wana kazi yao. Mtu mmoja ashike orodha: jina, saa, mahali, gari, kituo, namba ya OB. Waliokamatwa huhamishwa kituo hadi kituo ili mawakili wasiwapate, kwa hiyo watu wawili wazungukie vituo vyote vya karibu kila baada ya saa tatu. Asiyepatikana kituo chochote, wakili aombe Mahakama Kuu iamuru polisi wamlete mbele yake akiwa hai. Haki hiyo haiwezi kusitishwa kwa hali yoyote.

Hatua ya 8: Mbele ya hakimu

Hapa ndipo vijana wengi huumia bila kujua. Asubuhi, kabla ya korti kuanza, mtu atawapitia kwenye seli na kusema: "Kubalini tu, mtalipa faini ndogo mwende nyumbani." Usikubali kosa ambalo hukutenda. Ukisema "ni kweli", umehukumiwa. Rekodi itajitokeza kwenye cheti cha tabia njema, yaani kwenye kazi ya ulinzi, ya ualimu, ya kwenda Ghuba, na kwenye visa. Sema "si kweli", na uombe dhamana. Ukiomba muda wa kupata wakili, hakimu anatakiwa kukusikiza.

Kosa la mkusanyiko usio halali chini ya kifungu cha 78 cha Kanuni ya Adhabu si jepesi kulithibitisha. Mashtaka lazima yaonyeshe watu 3 au zaidi waliokusanyika kwa nia ya kutenda kosa, au waliokusanyika kwa lengo moja na kujiendesha kwa namna ya kuwafanya walio karibu waogope kwa haki kwamba amani itavunjwa. Kuwapo barabarani hakutoshi. Barua yenye muhuri, video ya watu waliokaa chini, mabango yenyewe na ushahidi wa wachuuzi wa pale huvunja sehemu ya pili.

Upande wa mashtaka unaweza kupandisha uzito: uharibifu wa mali, wizi wa mabavu, hata sheria ya ugaidi, kama ilivyowapata baadhi ya waliokamatwa baada ya tarehe 25 Juni 2025 na kupelekwa korti ya Kahawa, inayosikiza kesi za ugaidi. Au wasikushtaki, bali waombe siku 7 au 14 za kukuzuilia wakichunguza. Hoja ya wakili iwe moja: Katiba inataka sababu nzito za kumnyima mtu dhamana, na "uchunguzi unaendelea" si sababu nzito. Leta barua ya chifu au ya mwajiri, kitambulisho cha mdhamini na ushahidi wa makazi siku hiyohiyo. Kwa kosa lenye faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6, Katiba inakataza kabisa kukuweka rumande.

Kesi ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa jinai, usitupe faili. Kuondolewa huko hakuzuii kushtakiwa tena kwa kosa hilohilo.

Hatua ya 9: Kudai fidia

Aliyejeruhiwa atibiwe kwanza, kisha aandikishe ripoti kituoni na kuchukua fomu ya P3, yaani fomu ya polisi ya kuandikia majeraha, ambayo hutolewa bure na hujazwa na daktari. Nguo zenye damu zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, zisioze. Maganda ya risasi yapigwe picha yalipo. Lalamiko lipelekwe IPOA, kwa simu ya bure 1559 au ofisini, likiwa na namba ya OB, namba ya gari, saa na majina ya mashahidi walioridhia kutajwa.

Kesi ya madai dhidi ya serikali kwa kupigwa au kufungwa bila haki lazima ifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu tukio. Kwa kushtakiwa kwa hila, miezi 12 huanza siku ulipoachiliwa huru. Ombi la kikatiba chini ya kifungu cha 22 halina kikomo kilichoandikwa, lakini majaji huuliza ulikuwa wapi muda wote huo. Mfungulie wakili faili wiki ileile, video zikiwa bado kwenye simu ya aliyezipiga na kabla hazijapitishwa WhatsApp, maana zikipitishwa hupoteza ubora pamoja na tarehe zake.